Kituo Kimpigie Mgonjwa
Mhadhara wa wazi kuhusu tiba kwa simu na wagonjwa walio hatarini wakati wa mlipuko, uliotolewa Kaloleni, Arusha

Mmekuja kusikiliza habari za milipuko wakati mlangoni hakuna ndoo ya kunawia wala mtu wa kutupima joto kwenye paji la uso. Mambo haya kwa kawaida tunayajadili tukiwa tumeshashikwa na hofu, na mtu mwenye hofu hununua chochote anachouziwa. Leo tumetulia, basi tuyapime.

Mahali tulipo pana historia mbili, zote zinahusika na mada. Ya kwanza kila mtoto wa shule anaijua: ni hapa Kaloleni, katika ukumbi ambao leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambapo Januari 1967 viongozi wa TANU walikaa wakajadili namna nchi maskini itakavyogawana kidogo ilicho nacho. Ya pili hatupendi kuitaja. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, na mgonjwa huyo alikuwa hapa Arusha. Alikuwa ametua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule. Mji huu ulikuwa wa kwanza Tanzania kuulizwa swali ambalo mhadhara huu unajaribu kulijibu: mzee mwenye presha, mama mwenye kisukari, kijana anayetumia ARV, mjamzito wa miezi saba, watu ambao ugonjwa mpya ukiwapata huwapiga vibaya, watapataje huduma yao ya kila mwezi bila kuifuata mahali ambapo ugonjwa wenyewe unakusanyika?

Jibu linalotolewa siku hizi ni tiba mtandao. Nalikubali, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo mhadhara wangu. Tiba kwa simu itawafaa walio hatarini endapo kituo cha afya ndicho kinachompigia mgonjwa. Tukijenga mfumo unaomsubiri mgonjwa apige, tutakuwa tumeihamisha foleni kutoka kwenye benchi kuipeleka hewani, na atakayekuwa mbele kwenye foleni hiyo ni yule yule mwenye nguvu, mwenye bando na mwenye ujasiri wa kuongea na daktari. Nitatoa hoja nne, kisha nijibu wanaonipinga.

Hoja ya kwanza: wakati wa mlipuko, foleni yenyewe ni hatari, na wema wetu wa kawaida hauiondoi

Mnalijua dirisha la wazee. Mnakijua pia kile kibao kilichobandikwa kwenye vituo vyetu: Mpishe mzee kwanza. Ni jambo la heshima na limewasaidia wengi. Tena Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewapa wazee wasio na uwezo, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano haki ya kutibiwa bila malipo. Sasa litazameni dirisha hilo kwa jicho la Machi 2020. Mzee anayepishwa kwanza ameshapanda Hiace iliyojaa kutoka Ngaramtoni au Usa River, ameshashika mlango ulioshikwa na abiria kumi, ameshakaa kwenye benchi karibu na mtu anayekohoa. Tumempunguzia kusubiri, hatujampunguzia safari. Wakati wa kawaida upungufu huu unavumilika, lakini wakati wa ugonjwa unaosambaa kwa hewa unaua.

Tujiulize basi, katika ziara hiyo ya kila mwezi ni kitu gani hasa kinachohitaji mwili wa mgonjwa uwepo? Mgonjwa wa presha aliyetulia huulizwa anaendeleaje, hupimwa presha, huandikiwa dawa zile zile za mwezi uliopita, akaenda dirisha la dawa. Kipimo kinahitaji mkono wake, hilo halina ubishi, na nitalirudia. Mengine yote ni mazungumzo na pakiti za vidonge. Kuna pia wale ambao safari kwao ni mateso hata bila mlipuko. Pande za Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji yanayotoka katika ardhi ya volkano ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na waliokunywa maji hayo tangu utotoni wapo ambao mifupa na viungo vimekakamaa uzeeni. Kumwambia mtu wa namna hiyo ashuke mlima kila mwezi ili aulizwe "unaendeleaje" ni ukatili, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Hoja ya pili: mwelekeo wa simu ndio unaoamua nani anapona

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Nchi yetu tayari ina namba za simu za afya, na ni namba nzuri. Kuna 199 ya Wizara ya Afya, ya bure, ambayo wengi tuliijua wakati wa UVIKO. Kuna 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa Dodoma mwezi Aprili 2022 baada ya majaribio ya miaka kadhaa huko Kanda ya Ziwa. Kabla ya hizo kulikuwa na Wazazi Nipendeni ya mwaka 2012, ambapo mama alituma neno MTOTO kwenda 15001 akapokea ujumbe wa bure wa kumshauri kadiri mimba inavyokua. Zote tatu zinaanza na mgonjwa au jirani yake kubonyeza kwanza. Kwa dharura hivyo ndivyo inavyotakiwa: uchungu ukianza usiku, mwenye uchungu ndiye anayejua. Ugonjwa wa muda mrefu una tabia nyingine. Sukari inapanda kimya kimya. Presha haina kengele. Na mzee wetu wa hapa, mnamjua, dawa zikimwishia hapigi simu kwa mtu. Anasema "nitakwenda mwisho wa mwezi," anakunywa majani aliyoletewa na jirani, anasubiri. Anaona kumpigia muuguzi ni kumsumbua. Adabu hiyo tumemfundisha sisi wenyewe, kwa miaka mingi, pale dirishani.

Ushahidi upo, na umetoka kwa jirani. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika kliniki tatu za Kenya kwa watu 538 walioanza kutumia ARV. Nusu yao walipokea ujumbe mmoja kila wiki wenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa na muuguzi. Hapakuwa na programu ya kupakua wala picha. Walioulizwa "Mambo?" waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao, na waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Kuweni makini na kitu kimoja katika utafiti huo: ukimya ulihesabiwa kuwa ni jibu. Mgonjwa aliyenyamaza alitafutwa. Katika namba za kumsubiri mgonjwa apige, ukimya unahesabiwa kuwa uzima.

Sitawaficha ushahidi wa upande wa pili, maana upo karibu zaidi. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa kitabibu ya KCRI pale Moshi walijaribu, mkoani Kilimanjaro, visanduku vya dawa vinavyorekodi kila vinapofunguliwa, pamoja na ujumbe wa kukumbusha kwenye simu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti ya maana katika utumiaji wa dawa wala katika ufubazaji wa virusi. Wapo wanaoyasoma matokeo haya wakahitimisha kwamba simu haisaidii. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Kukumbusha ni kazi ya saa ya mezani, na mtu aliyeacha dawa kwa kawaida hakusahau: ameona aibu, amekosa nauli, dawa zinampa kichefuchefu kwa kukosa chakula, au mume hajui. Ukimtumia kengele mtu mwenye sababu hizo, ataizima. Anachohitaji ni mtu wa upande wa pili anayeuliza, anayesikia jibu, na anayeweza kufanya kitu. Kwa hiyo tafiti hizi mbili hazipigani, ila ya pili inatuonya tusijidanganye kwamba mashine peke yake itamlea mgonjwa.

Niwaonyeshe simu hiyo inavyokuwa, maana tukisema "huduma za kidijitali" akili inakimbilia kwenye vioo na taa. Muuguzi ana jina mbele yake. Anapiga. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Bibi, kaniletee pakiti ya dawa unihesabie vidonge vilivyobaki." Bibi anahesabu kwa sauti, muuguzi anajua vilipaswa kubaki vingapi. "Usiku unalalia mto mmoja, au siku hizi unarundika?" Anayerundika mito pengine anashindwa kupumua akilala chali. "Bonyeza mguu kwa kidole gumba, hapo juu ya kifundo, uhesabu mpaka tano. Ukiachia, shimo linabaki?" "Ukitoka msalani kurudi ndani, unasimama njiani kuvuta pumzi?" Dakika sita. Katika dakika hizo moyo uliochoka umeanza kujulikana, na bibi hajapanda Hiace. Majibu yakiwa mabaya, hapo ndipo anaitwa kituoni au anafuatwa, na safari hiyo inakuwa na sababu.

Hoja ya tatu: sauti kwanza, na kwa simu ya kitochi

Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilihesabu laini za simu zaidi ya milioni 70 nchini mwishoni mwa 2023, wakati Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tusishangilie haraka. Laini si mtu. Kijana mmoja pale stendi ana laini tatu, na bibi wa Oldonyo Sambu anatumia simu ya mjukuu. Tena simu nyingi za walio hatarini ni za kitochi, zinazochajiwa dukani. Mfumo unaohitaji simu janja, bando, barua pepe na neno la siri unawachuja watu, na unaowatupa nje ndio hao tuliosema tunawajengea.

Hata nchi tajiri zimejifunza hivyo kwa gharama. Marekani ilipofungua tiba mtandao kwa haraka mwaka 2020, matarajio yalikuwa video. Katika vituo vya afya vya California vinavyohudumia watu wa kipato cha chini, watafiti walikuta kwamba miezi ile ya kwanza ya janga karibu nusu ya ziara za kawaida zilifanyika kwa simu ya sauti, na video haikufika hata asilimia 4. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo serikali yao ikalazimika kukubali kulipia hata mazungumzo ya simu ya kawaida katika bima ya wazee. Sisi tusisubiri kulazimishwa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazo la madaktari wa kuruka kwa ndege Afrika Mashariki lilizaliwa katikati ya miaka ya 1950 chini ya Kilimanjaro, kwa daktari mpasuaji Michael Wood na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees. Mwaka 1957 likawa shirika, ambalo leo ni Amref. Katika miaka ya 1960 shirika hilo liliunganisha hospitali na zahanati za mbali kwa redio za upepo. Muuguzi wa misheni porini alieleza dalili, daktari wa Nairobi akajibu, ndege ikatumwa kama ilibidi. Hiyo ilikuwa tiba mtandao, kwa sauti tupu, kabla ya wengi wetu humu kuzaliwa. (Kasoro yake ilikuwa siri: kila mwenye redio kwenye masafa yale aliweza kusikia nani anaumwa nini. Nitalirudia hilo pia.)

Sauti ina mipaka yake, tuiseme. Kiziwi haisikii, yeye lazima awekewe alama kwenye orodha ili apate ujumbe au afuatwe nyumbani. Bibi wa Longido anayezungumza Kimaa na Kiswahili cha kubahatisha atajibu "ndiyo" kwa kila swali ili amalize. Kwake muuguzi ampigie mhudumu wa jamii aliyeketi naye.

Hoja ya nne: simu bila miguu ni maneno matupu

Mtu anapoambiwa kwa simu kwamba dawa zake ziongezwe, dawa hizo lazima zitembee. Watu wa CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU, walishatuonyesha njia: wagonjwa waliotulia hupewa ARV za miezi mitatu, na wengine za miezi sita, mpango ulioanza kabla ya UVIKO, na ukawa kinga kubwa janga lilipofika kwa kuwa ulikuwepo tayari. Sioni sababu ya kitabibu inayomzuia mgonjwa wa presha aliyetulia kupewa vivyo hivyo. Sababu ni bohari na fedha, nazo zinajadilika. Kwa vipimo, tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikisha 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila mtaa au kitongoji. Hao ndio mkono wa simu. Mkononi wana mashine ya presha, wanagonga hodi, wanapima wakiwa barazani, wanamsomea muuguzi namba.

Na kwa usafiri, tazameni m-mama kwa karibu. Simu ya 115 inapokelewa na mtu aliyefundishwa, ambaye ana maswali yaliyopangwa mbele yake. Anaamua mama apelekwe wapi. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye teksi au gari yake. Mama akishapokelewa kituoni, dereva analipwa kupitia simu. Kilichofanya mfumo huu ushike mizizi ni kwamba dereva anajua atalipwa. Ujuzi wa kompyuta ulichangia, ndiyo, lakini dereva asiyelipwa mara mbili hapokei simu ya tatu. Bodaboda wa Kaloleni atakayepeleka dawa kwa wazee naye ana watoto.

Sasa wanaonipinga

Pingamizi la kwanza, na zito zaidi, ni la waganga: simu haipapasi tumbo, haioni macho ya manjano, na muuguzi akikosea kwa simu mtu anakufa nyumbani. Ni kweli. Ndiyo maana sipendekezi simu iwe mlango wa kwanza wa kutambua ugonjwa. Napendekeza iwe njia ya kumfuatilia mtu ambaye faili lake lipo na ugonjwa wake unajulikana, pamoja na orodha fupi ya dalili ambazo zikitajwa mazungumzo yanakoma na mgonjwa anafuatwa: maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, damu kwa mjamzito, mtoto asiyenyonya. Makosa yatatokea. Lakini tuyalinganishe na kilichopo, tusiyalinganishe na hospitali ya ndoto. Wakati wa janga mgonjwa huyo asipopigiwa hatapapaswa tumbo. Atakuwa nyumbani peke yake, na hakuna atakayejua kwamba tumepoteza mtu mpaka tusikie turubai limefungwa.

Pingamizi la pili ni siri. Simu ni ya familia, mume ndiye anayeipokea, na muuguzi akisema "napiga kutoka CTC" amevunja ndoa. Nalichukulia kwa uzito kuliko wengi wanaouza mifumo hii. Dawa yake ni ya kawaida: siku mgonjwa anapoandikishwa, akiwa ana kwa ana na muuguzi, wakubaliane neno la utambulisho, saa ya kupigiwa, na nini kisemwe akipokea mwingine. Asiyetaka kupigiwa asipigiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo orodha ya wagonjwa haiwezi kukaa kwenye simu binafsi ya muuguzi wala kwenye kundi la WhatsApp. Hapa nasema wazi: makundi ya WhatsApp yenye majina ya wagonjwa, hata yakianzishwa kwa nia njema, yavunjwe.

Pingamizi la tatu: wauguzi hawatoshi, nawe unawaongezea kazi. Tupige hesabu. Kituo chenye wagonjwa 300 kwenye orodha, kila mmoja akipigiwa mara moja kwa mwezi kwa dakika sita, ni dakika 1,800, yaani saa 30. Kwa siku 20 za kazi ni saa moja na nusu kwa siku. Ongeza simu zisizopokelewa, tuseme saa mbili. Wagonjwa hao 300 wakija wenyewe, kila mmoja akikaa na muuguzi dakika sita zile zile, muda ni ule ule, na juu yake kuna kutafuta mafaili, kupanga foleni na kutuliza ugomvi wa nani alitangulia. Kazi haiongezeki kama inavyodhaniwa. Tatizo halisi liko kwenye hesabu za fedha: kituo hulipwa au huonekana kimefanya kazi pale mtu anapofika. Simu haiandikwi popote. Njia ya kuilipia ni bima: familia ya watu sita ilikuwa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Kanuni na mikataba yake iitambue simu ya muuguzi kuwa huduma yenye bei. Mpaka hapo, muuguzi atakayepiga simu atakuwa anapiga kwa vocha yake, na tutamsifu kwenye sherehe za wafanyakazi badala ya kumlipa.

Pingamizi la nne linatoka kwa wapenda teknolojia, wanaosema kampuni binafsi zitafanya haya vizuri na haraka zaidi. Tuwatazame wenzetu wa Rwanda, walioingia kwa ujasiri kuliko nchi yoyote ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Kuanzia 2016 kampuni ya Kiingereza ya Babylon iliendesha huko huduma ya Babyl. Mtu alibonyeza *811# hata kwenye kitochi, akapigiwa na muuguzi au daktari, akapata namba ya kuchukulia dawa. Zaidi ya watu milioni 2 walijisajili, na mwaka 2020 serikali ikaingia mkataba wa miaka kumi ili bima ya jamii ilipie. Ilikuwa kazi nzuri, sitaidharau. Mwaka 2023 kampuni mama ikafilisika, na Babyl ikafungwa. Wanyarwanda hawakukosea kununua ujuzi, lakini mlango wa mgonjwa ulifungwa kwa sababu ya deni la kampuni iliyo mbali. Kampuni zituuzie laini, programu na mafunzo. Orodha ya wagonjwa, na mtu anayepiga, vibaki kwenye kituo cha umma.

Kuna jambo halina namba katika hoja zangu, nami siwezi kumaliza bila kuligusa. Kati ya mwisho wa Aprili 2020 na katikati ya 2021 nchi yetu haikuwa ikitangaza takwimu za UVIKO-19, na watu walijifunza kusema "changamoto ya upumuaji" kwa sauti ya chini. Sina haja ya kufukua mabishano ya wakati ule. Nasema tu kwamba simu ya afya ni mazungumzo, na mtu anayehofia kwamba dalili zake hazitakiwi kusikika hatazitaja, hata ukimpigia bure kila siku. Muuguzi naye lazima awe na ruhusa ya kuandika alichosikia.

Mlipuko mwingine hautatuomba ratiba. Kagera walipata Marburg mwaka 2023, na Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Arusha ina uwanja wa ndege wa kimataifa jirani, watalii, mikutano ya Jumuiya na mpaka wa Namanga. Kwa hiyo ombi langu kwa kata hii ni dogo na la haraka: laini moja iliyosajiliwa kwa jina la kituo, simu moja ya kitochi isiyotoka nje ya jengo, kauntabuku moja ya kufungiwa kabatini, na saa mbili za asubuhi zilizoandikwa kwenye ratiba ya zamu. Tuanze na wagonjwa wa presha na kisukari waliozidi miaka 60. Baada ya miezi mitatu tukae tena katika ukumbi huu tuhesabu wangapi walipigiwa, wangapi hawakupatikana, na wangapi kati ya hao wasiopatikana walifuatwa nyumbani. Namba ya tatu ndiyo nitakayoitazama kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, muda wa maswali umefika, na naomba kabla sijaulizwa niulize mimi. Kila mmoja wenu aufikirie mtaa wake: nani alizoea kwenda kliniki na mwezi huu hajaonekana, na ni nani mwenye namba ya simu ya jirani yake?